Sikio la Mlangoni

Fundi hakuwa na desturi ya kubisha hodi. Katika miaka yote niliyofundisha shule ya msingi Malindi na kuishi naye mtaa mmoja, sikumsikia hata siku moja akisimama mlangoni mwa mtu na kuita kama watu wengine. Yeye alianza kuzungumza akiwa bado njiani. Sauti ilitangulia, mwili ukafuata, na alipofika ndani alikuwa katikati ya hadithi: "...ndipo nikamwambia, huo ni waya, si kamba ya kuanikia nguo, wewe ushaona wapi..." Mwenye nyumba akabaki kuuliza ni nani aliyeambiwa, na ni waya gani.

Wanawake wa mtaani walimlalamikia sana, maana mtu yuko uani kwake, kichwa wazi, anaosha masufuria, mara Fundi huyo hapo na bisibisi yake. Yeye alijibu, "Mimi husikika tangu kona ya msikiti. Mwataka nini zaidi, nije na tarumbeta?"

Tabia hii naitaja mapema kwa makusudi. Mambo mengi niliyoyapenda kwa mtu huyu, na kosa moja kubwa alilolifanya, yalikaa humo humo.

Kazi yake ilikuwa umeme na redio. Alivaa shati jeupe lililopigwa pasi, kikoi kilichofungwa vizuri, na kofia ya kiua iliyodariziwa kwa mkono, hata siku ya kutambaa juu ya dari. Alishuka na utando wa buibui kwenye ndevu na shati likiwa bado linang'aa. Jinsi alivyofanya hivyo sijapata kujua. Mkewe alipokuwa hai alisema siri ni kwamba vumbi nalo linamwogopa.

Aliviheshimu vyombo kuliko wenye vyombo. Ukimpelekea redio iliyonyamaza, aliigeuza taratibu, akaifungua mgongo, akaiambia, "Haya mama, tuambie waumwa wapi." Kisha akakugeukia wewe: "Umeiweka karibu na jiko. Ungewekwa wewe hapo ungeimba?" Watu walirudi kwake hata hivyo, kwa sababu redio ziliimba. Nami, ambaye kazi yangu ni kuwafundisha watoto, nilijifunza kwake jambo moja la maana: hakumwambia mtu kwamba kitu ni kigumu. Alisema, "Hakijaulizwa vizuri." Nililichukua neno hilo nikalipeleka darasani, na limewasaidia watoto wengi kwenye hesabu za mafungu.

Ajabu ni kwamba nyumbani kwake hapakuwa na taa ya stima. Aliwasha kandili. Nilipomuuliza sababu alishangaa. "Mwalimu, wewe ukitoka shule wataka kukuta wanafunzi sebuleni?"

Alikuwa pia na chuki moja kubwa: kung'oa. Aliyesema, "Fundi, toa haya makuukuu uweke mapya," alikuwa amemtukana. Aliamini kwamba chombo kilichokaa ndani ya nyumba miaka mingi kinaijua nyumba. Kinajua ukuta gani una unyevu na msimu gani chumvi ya bahari hula shaba. "Kikuukuu hakitolewi," alisema. "Huongezewa mwenziwe." Imani hiyo ndiyo iliyompeleka kwa Bi Mkubwa.

Bi Mkubwa alikuwa jirani yangu, ukuta kwa ukuta. Marehemu mumewe alifanya kazi melini miaka mingi, na aliporudi nchi kavu alikuja na tamaa moja: alitaka nyumba inayoendeshwa kama meli, kila kitu kutoka mahali pamoja. Fundi, wakati huo kijana, ndiye aliyemtimizia. Kando ya kitanda aliweka ubao wa mninga wenye vitufe vya shaba. Kitufe hiki kiliwasha taa ya chumbani, kile feni, kingine taa ya uani, kingine kengele ya jikoni.

Niueleze ubao huo kidogo, si mgumu. Kitufe chenyewe hakikuwasha taa. Kilituma umeme mdogo tu, kama wa betri ya tochi, hadi kwenye sanduku lililokuwa juu ya mlango. Ndani ya sanduku mlikuwa na swichi zinazovutwa na sumaku. Umeme mdogo ukifika, sumaku inaamka, inavuta swichi, taa inawaka. Yaani kidole kiliomba, na sanduku likatenda. Ukilishika hilo umeshika yote, kwa sababu mtu akijua kwamba kidole ni mwombaji tu, anaweza kujiuliza: je, mwombaji anaweza kuwa mwingine?

Swali hilo lilikuja Bi Mkubwa alipopata kiharusi. Mkono wa kulia ulikufa, wa kushoto ukabaki na nguvu ya kushika tasbihi na si zaidi. Miguu ilimwezesha kutoka kitandani hadi kitini akishikiliwa. Ulimi ulibaki mzima, na mtaa mzima ulikuwa shahidi.

Asubuhi alikuwa na msichana wa kumhudumia, aliyerudi kwao baada ya alasiri. Tangu hapo hadi nilipomaliza shughuli zangu nikaingia kulala kwake, Bi Mkubwa alikuwa peke yake na vitufe asivyoweza kuvibonyeza. Mwanawe wa pekee alifanya kazi Mombasa na kupanga vyumba viwili Mtwapa. Alikuwa kijana mwema, na mwenye hofu. Alikuja akamwambia mamake kwamba baada ya Idi atamchukua.

"Nikakae Mtwapa?" Bi Mkubwa alisema. "Kwenye chumba ambacho ukipiga chafya jirani wa juu asema yarhamukallah?"

"Mama, ukianguka hapa jioni nani atajua?"

Bi Mkubwa aligeuza shingo. Alitazama ubao wa mumewe. Nyumba ile aliingia akiwa bi harusi. Mumewe alitolewa humo kwa jeneza, na yeye hakutaka kutoka kwa njia nyingine.

Fundi aliposikia alifika akiwa katikati ya sentensi kama kawaida: "...kwa hiyo vidole vimestaafu. Haya. Nini hakijastaafu?"

"Mdomo," nikasema.

"Mwalimu umefaulu. Basi nyumba itajifunza kusikia."

Watu wengi wakati huo walidhani amerukwa na akili, na mimi nilikuwa mmoja wao kwa muda. Lakini alinikalisha akanieleza, na kwa kuwa alinieleza vizuri nitajaribu nami. Alichukua kipaza sauti kidogo kutoka kwenye mkono wa simu mbovu, akakifunga kando ya kitanda. Hicho ni sikio. Sikio likisikia sauti hutoa umeme mdogo mno, mdogo kuliko wa kitufe, hauwezi kuamsha sumaku. Basi akatoa ndani ya redio zilizokufa vile vipande vinavyokuza sauti, akavifanya ngazi, kila kipande kikimwinua mwenziwe, hadi umeme ukatosha. Ubao wa mninga hakuugusa. Sanduku la juu hakuling'oa. Alivipatia mwombaji wa pili.

Jambo la kuelewa ni kwamba sikio lile halikujua maneno. Halikutofautisha taa na tui. Lilihesabu miito tu. Ukiita mara moja likasubiri kidogo na kusikia kimya, liliwasha taa au kuizima. Miito miwili, feni. Mitatu, kengele; na kengele hiyo aliivutia waya juu ya ukuta hadi jikoni kwangu.

"Kwa hiyo nipige kelele kama mbuzi?" Bi Mkubwa akauliza. "Mee, mee?"

"Hata mee itafaa."

"Mimi nitaita kwa maneno. Chombo kisichojua adabu kitafunzwa."

Na kweli aliita kwa maneno. "Taa!" Ikawaka. "Feni... feni!" Ikazunguka. "Jirani... jirani... jirani!" Na jikoni kwangu kengele ikalia kwa mara ya kwanza, nikaangusha mwiko. Nilipoingia nilimkuta analia na kucheka pamoja, na Fundi amegeukia ukutani akijidai anakaza msumari.

Alilijaribu sikio lile kwa kila sauti ya Malindi aliyoweza kuifikiria. Alisubiri adhana, akaligeuza lisielekee msikitini. Aliwafikiria kunguru, akawatafutia kipimo. Aliangusha sufuria, akakohoa, akanifanya nisome gazeti kwa sauti. Liligunduliwa jambo moja dogo la kuchekesha: Bi Mkubwa akipiga chafya kisha akasema "Alhamdulillahi," hiyo ni miito miwili, basi feni inaanza. "Hilo liache," alisema. "Mwenye mafua hapepewi na mtu, acha nipepewe na hilo."

Fundi alipumzika, ameridhika. Na hapo ndipo lilipokuwa kosa.

Siku ya pili ya Idi nilikuwa nakuna nazi. Kengele ikalia. Niliruka na leso moja, mikono yote machicha, nikakata uani nikaingia kwa Bi Mkubwa. Nikamkuta amekaa kitini mzima, amevaa nguo mpya. Fundi yuko kando yake na sinia la halua ya Mambrui. Mlangoni amesimama mwanawe, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi.

"Kumetokea nini?" nikauliza.

"Hakujatokea kitu," kijana akasema. "Nimebisha hodi."

 Kwetu mtu hubisha hodi mara tatu, na asipojibiwa mara ya tatu huondoka zake. Kijana alikuwa amelelewa vizuri. Alipoona mamake anachelewa kujibu, alibisha zote tatu. Hodi, hodi, hodi. Sikio likahesabu, likaniita mimi.

Nilimtazama Fundi. Alikuwa amesahau sauti moja tu katika mji mzima, na ndiyo sauti ambayo haikuwahi kutoka kinywani mwake. Kila mara alipofanya majaribio alikuwa ndani tayari, amekwisha kuingia kwa mtindo wake.

"Mashine haijui nani anaita," kijana alisema polepole.

"Haijui," Fundi akakubali. Sikuwahi kumsikia akikubali jambo upesi hivyo.

Bi Mkubwa alifumba macho. Nadhani alikuwa ameanza kuufunga mzigo wa Mtwapa moyoni mwake. Lakini kijana alikuwa bado ananitazama mimi: leso, jasho, machicha ya nazi hadi viwikoni.

"Mwalimu," akasema, "umefika kabla sijavua kiatu cha pili."

"Kengele ililia, nikaja."

"Huja hivyo kila ikilia?"

"Ikilia nitakaa kufanya nini?"

Alikivua kile kiatu, akaingia, akakaa miguuni pa mamake. Hakusema lolote la Mtwapa siku ile, wala kesho yake alipoaga. Alipofika mlangoni alisema tu, "Mama, nitakuwa nakuja mwisho wa mwezi." Nasi tukajua kwamba mama atabaki kwake.

Mtu mwingine angeshukuru Mungu na kula halua. Fundi alinuna. "Ameshawishika na kosa langu," aliniambia. "Hiyo si kazi. Hiyo ni bahati, na bahati haina dhamana." Na kwa kweli taabu ilikuwapo. Mama wa Kigiriama aliyeleta mchicha asubuhi alibisha mara mbili, feni ikarusha unga ambao msichana alikuwa akiuchekecha kando ya kitanda. Wageni wa jioni walibisha mara tatu nami nikakimbia. Nilikuwa nimeanza kukonda.

Fundi akaja na pendekezo. "Watu waambiwe wasibishe hodi. Waingie tu."

"Waingie vipi?" Bi Mkubwa aliuliza kwa upole uliopaswa kumtisha.

"Waingie... kama mimi."

"Kama wewe! Miaka yote hii nimekuvumilia wewe mmoja, sasa wataka kunizalia wengine? Sikiza, Fundi. Mkono umeniacha. Watu hunivalisha, hunilisha, hunigeuza kama chapati. Kimoja kilichobaki ni kwamba hapiti mtu mlango huu mpaka mimi niseme karibu. Ukiniondolea hicho, beba sikio lako, nitakaa gizani."

"Lakini mlango wako mchana kutwa uko wazi! Hodi ya nini?"

"Mlango uliofungwa hata mwizi ataugonga," alisema Bi Mkubwa. "Hodi ni ya mlango ulio wazi."

Fundi aliondoka. Hatukumwona kwa majuma kadhaa. Jioni niliona mwanga wa kandili yake kupitia dirishani na kusikia akizungumza na vyuma: "Haya baba, tuulizane vizuri." Mtu wa majivuno kama yule, angeweza kusema kazi imekwisha, mteja ameridhika, mama amebaki kwake. Hakusema. Ninapowaeleza wanafunzi wangu maana ya kuitenda kazi hadi mwisho, ni mwanga wa kandili ile ninaoufikiria, ingawa siwaambii.

Alirudi na sikio la pili, akalifunga juu ya kizingiti cha mlango wa mbele. Kazi yake ilikuwa moja, na nyepesi kuielewa: kulinyamazisha la kitandani. Mtu akiita mlangoni, sikio la mlangoni husikia kwanza na kwa nguvu zaidi, basi huliziba lile la ndani mpaka mgeni amalize. Bi Mkubwa akiita kutoka kitandani, la mlangoni halisikii vizuri, basi la ndani hubaki wazi.

Lakini lazima lijaribiwe. Na Bi Mkubwa alikataa mtu mwingine kulijaribu isipokuwa aliyelitengeneza.

"Toka nje, Fundi. Ubishe."

Alitoka. Tukasikia mluzi.

"Hiyo si hodi!"

Tukasikia kikohozi, kisha, "Bi Mkubwa, mimi niko hapa, ndiyo nilikuwa nasema..."

"Simjui anayesema. Ndani hatukusikii."

Tukasikia miguu yake ikirudi hatua moja. Kisha ikaja sauti ndogo, ya mtu mgeni kabisa, si ya yule tuliyemzoea kuanzia kona ya msikiti: "Hodi."

"Hata chombo hakijakusikia! Wewe si ndiye wa tarumbeta?"

"Hodi!" akapaaza. "Hodi! Hodi!" Majirani wakatoka nje kutazama kuna nini. Sote ndani tukatazama juu. Taa haikuwaka, feni haikuzunguka, na kengele jikoni kwangu haikulia.

"Karibu," Bi Mkubwa akasema. "Karibu, mwanangu. Leo ndiyo umeingia nyumbani kwangu."

Bi Mkubwa alikaa nyumba ile miaka yake iliyobaki, akitawala taa na feni na wageni, na kengele yangu ililia pale tu aliponihitaji. Iliponiita mara ya mwisho ilikuwa alasiri, naye alikuwa kitandani kwake, chini ya ubao wa mumewe. Nilimshika mkono wa kushoto. Nyumba ilipokabidhiwa wengine, kijana alimwambia Fundi achukue vyombo vyote. Fundi, mtu asiyependa kung'oa, alipanda ngazi akatoa kipande kimoja tu: sikio la mlangoni.

Baada ya hapo alihama. Binti yake alikuwa ameolewa Kilifi na alimtaka akae kwake, lakini nilisikia kwamba mzee alipanga chumba chake mwenyewe Kibarani, huko huko Kilifi. Miaka kadhaa baadaye nilikuwa na safari ya ofisi ya elimu pale Kilifi, nikamuulizia njiani. Mwanamke mmoja akanielekeza, kisha akaniita tena: "Lakini mama, masikio hana tena. Kiziwi kabisa. Binti yake ataka kumhamisha, asema hawezi kukaa peke yake mtu asiyesikia mgeni wala mwizi. Yeye hataki."

Nilifika mlangoni mwake nikasita, sijui nifanye nini. Mlango ulikuwa umeegeshwa. Mazoea yakanishinda.

"Hodi!"

Ndani, mchana kweupe, globu ikawaka.

"...nani huyo, ingia, nilikuwa nawaambia hawa kwamba..." Sauti ilikuwa ile ile. Nikasukuma mlango. Alikuwa mezani kati ya redio zilizofunguliwa mgongo, shati jeupe, kofia, na juu ya meza hiyo ilining'inia globu moja, taa ya stima ya kwanza niliyoiona nyumbani kwake. Nikainua macho juu ya kizingiti. Sikio lile lilikuwa pale, limefungwa kwa skrubu zile zile, na waya wake sasa ulikwenda hadi kwenye globu.

Alinitambua, akafurahi, akanipigia kelele habari za Malindi bila kusubiri majibu ambayo asingeyasikia. Nilimwandikia mengine kwa kidole kwenye vumbi la meza, akacheka. Binti yake, alisema, aliwahi kuja kumchukua. Akabisha hodi, taa ikawaka, naye akamkaribisha kabla hajavuka kizingiti. "Ameridhika kidogo. Bado yuaja kila siku kubisha, asema anajaribu chombo." Akatikisa kichwa. "Na wanaokuja kimya kimya, Mwalimu! Wengine huingia tu kama mbuzi. Wanishtua. Watu hawana adabu siku hizi."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta.

Nilipoondoka nilifika mbali kidogo nikakumbuka mwavuli. Niliporudi, mlango nilikuwa nimeuacha wazi, na Fundi amekaa akiupa mgongo, ameinamia redio ya mtu. Mwavuli ulikuwa pale karibu. Ningenyoosha mkono nikauchukua, asingejua.

Nikasimama nje ya kizingiti. "Hodi," nikasema.

Globu ikawaka mbele yake. Hakugeuka.

"Karibu, Mwalimu," akasema. "Mlango uko wazi. Nani mwingine angebisha?"